Sikio Langu na Moteri ya Papa Amisi

Nina miaka thelathini na minne na nimestaafu. Mnaweza kucheka, hata mama yangu alicheka. Hapa Lubumbashi watu wanastaafu kutoka kwenye shaba, wakiwa na mvi na kifua kinachokwaruza, si kutoka kwenye muziki wakiwa na meno yote. Lakini kazi ikimwisha mtu imemwisha. Na ninyi vijana mnaokuja kubisha kwangu Bel-Air na magitaa yenu, mkitaka niwasikilize na kusema nani yuko sawa na nani anapotea, ni haki yenu kujua kwa nini ninawakatalia. Mnadhani ni kiburi. Mmoja wenu alisema nje ya mlango, akidhani sisikii, "Ule mukubwa eko najisikia." Nilisikia. Miaka kumi nililisha tumbo langu kwa kusikia.

Walikuwa wakiniita Masikio. Nilikuwa mpiga ogani wa bendi iliyoitwa Kumi na Moja. Tulijipa jina hilo kwa sababu mapigo ya wimbo wetu wa kwanza yalihesabiwa mpaka kumi na moja kabla ya kurudi mwanzo. Tulipiga roki, lakini si ile ya kurukaruka. Tulipiga ile ya nyimbo ndefu, zenye vyumba vingi, unaingia kwa mlango huu na kutokea kwa ule, na katikati filimbi inalia peke yake. Mrefu kuliko yote uliitwa Safari ya Jiwe, dakika ishirini na mbili: jiwe linachimbuliwa, linasagwa, linayeyushwa, linapanda treni, halirudi. Waliojaribu kuucheza walibaki na mguu mmoja hewani wakitungoja.

Siku moja alikuja mtu wa chama wa mtaa wetu kuona kama tungefaa kwa nyimbo za kuandamana siku ya sikukuu. Akasikiliza jiwe mpaka lilipofika kwenye tanuru. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Citoyens," akasema, yaani raia, "hii yenu ni muzuri. Lakini bantu batatembea naye namna gani? Bataanguka."

Hakurudi. Ilunga, mwimbaji wetu na mkubwa wa bendi, alicheka mpaka akakaa chini.

Tulikuwa tukifanyia mazoezi Naviundu, nyuma ya kinu cha mahindi cha Papa Amisi. Papa Amisi ni Mwislamu ambaye babu yake alitoka Maniema, mtu mpole, kope zake nyeupe kwa unga tangu asubuhi. Alitupa hangari lake la magunia bila kudai kitu, kwa sharti moja. Hapakuwa na nyaya za umeme wa mji upande ule. Kinu kilizungushwa na moteri ya dizeli, na moteri hiyohiyo ndiyo iliyotupa umeme. Basi wakati wa kusaga sisi tulinyamaza, na wakati wa kupiga yeye aliacha kusaga. "Unga na muziki havisagwi pamoja," alikuwa akisema, na mama waliosubiri zamu na vibakuli vyao walitutazama kwa macho ya watu wenye njaa.

Hangari lilikuwa pia ukumbi wetu. Jumamosi alasiri watu walitembea kwa miguu kutoka Bel-Air na hata kutoka Annexe, wakakaa juu ya magunia. Hatukuenda kupiga kwingine kwa sababu ya ogani. Ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Niliikuta katika kanisa dogo lililofungwa, panya wameifanya nyumba, na nilitumia miezi minane kuifufua, peke yangu, kwa kitabu cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mbele. Hakuna aliyenifundisha. Nataka mlikumbuke hilo, si kwa kujisifu.

Mtu aliyejifunza mwenyewe ana hofu ambayo aliyesoma haijui. Kila siku nilingoja mlango ufunguke, aingie mtu wa shule, asikilize kidogo na kusema: yote hii ni makosa, tangu mwanzo. Kwa hiyo niliwahi kabla yake. Nilitafuta makosa yote mimi mwenyewe, kwanza yangu, halafu ya wenzangu. Safari ya Jiwe ikifika dakika ya kumi na tisa na mtu akateleza nusu ya noti, nilisimamisha bendi nzima tukarudi kule chini ardhini kulichimbua jiwe upya. Ilunga alikuwa akisema, "Masikio, hata bantu ba mugodi banapataka mapumuziko."

Nikisema nilisikia vizuri sijidanganyi. Hapa niwape kitu cha kazi, kwa sababu bila hicho hamtaelewa kilichonipata. Ukipiga sauti mbili zilizokaribiana sana lakini zisizo moja, hewa kati yao inatetemeka: wa-wa-wa-wa. Zikiwa mbali kidogo mtetemo unakimbia. Ukizisogeza zikaribiane mtetemo unapunguza mwendo: waa, waa, waaa. Zikikutana, mtetemo unakufa. Fundi hasikilizi sauti zenyewe, anasikiliza mtetemo ufe. Na waya wa gitaa uusogeze kutoka chini kwenda juu, kamwe usiushushe kutoka juu, kwa maana waya ulioshushwa unalegea tena baada ya mistari miwili na kukuaibisha. Hayo niliyajua. Kila kitu nilikilinganisha na ogani. Magitaa, besi, ngoma, hata sauti ya Ilunga. Ogani, nilisema, haina rafiki wala adui.

Sauti za kaseti zilizotoka Ulaya zilikuwa juu kidogo ya ile ya ogani. Zote. Nyimbo za redio pia. Nilikuwa na jibu: mashine za kaseti zinakimbia, na watu wa redio hawajali. Hebu fikirini. Dunia nzima ilikuwa upande mmoja na hangari la mahindi la Naviundu upande mwingine, na mimi nilihukumu kwamba dunia ndiyo iliyokosea.

Sasa Kabwe. Kabwe alikuwa mpiga filimbi wetu, ile ya chuma inayopulizwa kwa ubavu. Mdogo kwangu kwa miaka mitatu, aliniita yaya, yaani kaka mkubwa. Alijifunza katika fanfare, yaani bendi ya tarumbeta, ya shule ya misheni, kwa mwalimu, kwa karatasi, miaka sita. Ndiye mtu wa shule niliyekuwa nikimngoja mlangoni, ila aliingia akitabasamu, na mihogo ya kuchoma mfukoni kwa ajili yetu sote. Kwa muda mrefu hakuna niliyempenda zaidi katika bendi. Tulirudi pamoja kila mara, tukihesabu hatua zetu kumi na moja-kumi na moja, na aliyekosea alibeba mizigo ya wote wawili.

Lakini filimbi yake ilikuwa juu. Kila mara. Nikipiga ogani naye akipuliza, mtetemo ulikuwepo, mdogo, kama jino linaloanza.

"Vuta kichwa," nilimwambia.

Filimbi ya namna hiyo ina kichwa kinachoingia ndani ya mwili. Ukikivuta nje kidogo, filimbi inarefuka na sauti inashuka. Akavuta. Bado. Akavuta tena. Ukivuta kupita kiasi, noti za chini na za juu hazipatani tena zenyewe kwa zenyewe, na mpigaji anabaki kuzikamata moja moja kwa mdomo kama kuku waliotoka bandani. Ile sauti yake iliyokuwa nyororo ikawa ya mtu aliyebeba ndoo kichwani kwenye matope.

"Yaya," akasema siku moja mbele ya wote, "miye siko juu. Ile ogani njo iko chini."

"Ogani haina masikio ya kujidanganya, Kabwe."

"Na miye niko nayo?"

"Weye uko na kinywa," nikasema.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na katika kicheko changu nilikuwa na furaha mbaya, kwa sababu mtu wa shule alikuwa amekosea na si mimi. Ilunga peke yake hakucheka. Kabwe alivuta kichwa cha filimbi mpaka kikabaki kushikwa na ncha tu, akapiga Safari ya Jiwe nzima, dakika zote ishirini na mbili, bila kunitazama. Halafu akaifuta, akaifunga katika kitambaa chake, akamuaga Papa Amisi, akaenda. Kumi na Moja haikuwa na filimbi tena. Nilisema tutazoea. Nilirudi nyumbani nikihesabu peke yangu, na nilikosea, na hapakuwa na mtu wa kumbebea mizigo.

Miaka miwili baadaye Ilunga alikuja hangarini na kaseti iliyotumwa na binamu yake anayesoma Ubelgiji. Nyimbo za dakika tatu. Hakuna gitaa. Ngoma ilipigwa na sanduku la umeme, sawasawa kama mtu asiyepumua, na juu yake vinanda vya umeme vinavyong'aa, na kijana anaimba kama amechoka kuishi. Tulisikiliza mara nne.

"Hii," akasema Ilunga, "bantu batacheza na miguu yote mbili."

Mliozaliwa juzi mnadhani bendi inabadilika kama mtu anayebadilisha shati. Sisi tuligombana mwezi mzima. Mpiga ngoma alikuwa amejifunza kuhesabu kumi na moja mpaka usingizini, sasa sanduku lilimtaka ahesabu nne. Lakini magunia yalikuwa yanabaki bila watu siku za Jumamosi, na Ilunga alikuwa na haki. Binamu yake alituma sinti, kinanda cheusi chembamba ambacho mtu mmoja anakibeba kwapani kama mkate. Siku kilipofika nilikichomeka kwenye umeme wa Papa Amisi, nikapiga noti moja huku na noti hiyohiyo kwenye ogani.

Wa-wa-wa-wa. Sinti ilikuwa juu.

"Masikio," Ilunga akauliza, "machine mupya nayo eko na kosa?"

"Vya kiwandani lazima vipitiwe na mkono," nilisema.

Nyuma ya sinti kulikuwa na kirungu kidogo cha kupandisha na kushusha noti. Katikati kilikuwa na mahali kinapolia tiki chini ya kidole, mahali kiwanda kilipokiacha. Nilikishusha kutoka hapo mpaka mtetemo ulipokufa, nikakibandika na plasta ya dawa ili mtu asikiguse. Nilijisikia fundi kabisa.

Niliikubali sinti kwa sharti moja: siku tutakapokwenda kupiga mjini, ogani ije, hata kwa wimbo mmoja wa mwisho. Ilunga alikubali kama unavyomkubalia mgonjwa. Na mwaliko ukaja, ukumbi mzuri katikati ya mji, wenye pazia. Wanaume wanane wa kinu waliipandisha ogani kwenye lori la mahindi. Ilikuwa mara ya kwanza inatoka Naviundu tangu niifufue.

Tulifika saa tisa alasiri. Ukumbi mtupu, viti vimepangwa. Nikachomeka ogani kwenye umeme wa mji, na sinti kando yake. Nikapiga noti moja huku na huku.

Sijawahi kusikia kitu kibaya namna ile. Mtetemo ulikimbia kama kuku aliyekatwa kichwa. Ilunga aligeuka. Nikasema sinti imegongwa njiani. Nikabandua plasta, nikaanza kukipandisha kirungu polepole, sikio kwenye mbao. Wa-wa-wa. Waa, waa. Waaa. Mtetemo ukafa. Na pale ulipokufa, chini ya kidole changu, nilisikia tiki.

Katikati, mahali kiwanda kilipokiacha.

Ndani ya ogani ile kuna magurudumu madogo ya chuma, na yanazungushwa na moteri ndogo inayofuata mwendo wa umeme. Umeme ukitembea polepole, magurudumu yanatembea polepole, na ogani yote inashuka kwa pamoja, kila noti na jirani yake, kiasi kwamba ikiwa peke yake huwezi kujua. Sinti haina magurudumu, haijali mwendo wa umeme. Hilo nililijua. Niliyafungua magurudumu hayo kwa mikono yangu na kuyapaka mafuta moja moja. Nililijua kama unavyojua kwamba utakufa. Ogani iliyotengenezwa zamani na kinanda kilichotengenezwa jana, vitu visivyojuana, vilisema noti moja, na noti hiyo ilikuwa ya Kabwe.

Jioni watu walijaa. Walicheza kwa miguu miwili, Ilunga alisema kweli. Niliweka kidole kimoja hapa na kimoja pale, kama sinti inavyotaka, na kila noti ilikuwa juu masikioni mwangu, kana kwamba mtu ameuinua mji mzima kiganja kimoja kutoka ardhini na kunisahau mimi chini. Walishangilia, tukainama. Wenzangu walikumbatiana nyuma ya pazia. Nilikwenda kukunja nyaya. Nyaya zinataka kukunjwa na mtu mmoja mwenye subira, lakini siku ile sikuzikunja kwa ajili hiyo.

Asubuhi nilikwenda kwa Papa Amisi. Nilimuuliza kama moteri yake ina ugonjwa.

"Haina ugonjwa wowote," akasema. "Ikisaga inakimbia vizuri kabisa. Nyinyi mkipiga ndipo naishusha. Hakuna mahindi, kwa nini nichome mazuti ya moteri? Naishusha kidogo, inasinzia. Taa zinafifia kidogo, lakini nilifikiri muziki hauhitaji taa." Akanitazama. "Nilikosea?"

"Hapana, Papa," nilisema. "Hukukosea."

Alinipa unga wa kubeba nyumbani. Nilipika bukari, yaani ugali, siku ile na sikuila.

Mtafikiri nilikimbia kwa Kabwe siku ileile. Nilikaa mwaka mzima. Nilijiambia simjui anakoishi, na nilijua; alikuwa amehamia Annexe, kwenye mashamba. Bendi ikapanda. Lakini kila nilipoachiwa gitaa nilisawazishe kwa sikio, mikono yangu ililirudisha chini, kule Naviundu. Mara ya tatu Ilunga alikuja akasimama kando yangu, akanong'ona wengine wasisikie. "Tumia tu machine ya kupimia noti, Masikio. Usijiumize." Alisema kwa upole, na upole wake ulinimaliza. Niliwaachia ogani. Sasa mnajua kwa nini siwasikilizi mnapokuja. Ninyi mlio sawa nitawaambia mko juu, nanyi mtaniamini.

Nilimkuta Kabwe akipalilia mahindi. Mke wake ndiye aliyenionyesha njia ya shambani, na njiani akaniambia bila mimi kumuuliza: "Ule haimbake tena. Hata ku kanisa anafunga kinywa."

"Yaya Masikio," Kabwe akasema, akiegemea jembe. "Umepoteza njia?"

"Nimekuja kukuambia kitu. Haukuwa juu. Ogani njo ilikuwa chini. Moteri ya Papa Amisi ilikuwa inatembea polepole."

Akarudi kupalilia. Mstari mzima. Nilimfuata kando ya tuta kama mtu anayedai.

"Umekuja kunituliza," akasema mwishoni. "Ni vizuri. Asante."

"Si bongo, Kabwe, sikudanganye. Nimeisikia mjini."

"Miaka tatu, yaya." Hakuinua sauti. "Kila mara nafungua kinywa nasikia weye mu kichwa: uko juu. Mutoto analia, nataka kumuimbia, nasikia: uko juu. Nikasema, Masikio eko na sikio. Miye niko na kinywa tu. Si njo ulisema?"

"Njo nilisema."

Aliingia nyumbani, akatoka na kitambaa. Filimbi ilikuwa imeota weusi, na kichwa chake kilikuwa palepale, kimevutwa nje mpaka ncha, kimeganda. Hakukirudisha siku ile, na chuma kikashikana na chuma. Nilikuwa natazama amri yangu mwenyewe, imesimama miaka mitatu.

Alitaka kuleta koleo. Nilimzuia. Koleo linakunja bomba, na bomba lililokunjika halirudi. Nikamwomba mke wake vitambaa viwili, kimoja cha maji ya moto, kimoja cha maji ya kisimani. Cha moto unakizungushia mwili wa filimbi upanuke, cha baridi unakizungushia kichwa kisinyae, na unangoja. Tulikaa kwenye kizingiti, yeye ameshika mwili, mimi nimeshika kichwa. Tulibadilisha vitambaa mara tano. Halafu kikalegea, kikalia kidogo, na yeye akakisukuma ndani, polepole, mpaka mahali pake.

Akaiweka karibu na mdomo. Akaishusha.

"Uende kwanza," akasema.

"Nisikusikie?"

"Uende, yaya. Mbele yako siwezi."

Nilimuaga mke wake nikachukua njia katikati ya mahindi. Nilitembea nikihesabu bila kutaka, na sikujua nilifika ngapi. Nilikuwa karibu na barabara nilipoisikia nyuma yangu: noti moja, ndefu, yenye hewa nyingi, ya mdomo uliosahau. Akaiacha. Akaipiga tena.

Ilikuwa juu. Sikio langu lote lilisema iko juu, kwa uhakika uleule wa siku zote, na nilijua kwamba iko sawa. Akaanza kwenda mbele, noti ya pili, ya tatu, jiwe likitoka ardhini. Sikugeuka, wala sikunyosha mkono kumsimamisha. Nilifunga kinywa nikaendelea kutembea mpaka mahindi yalipoifunika sauti yake.